Taj Mahal kwa Wawili: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Wanaokwenda Mara ya Kwanza

Maswali kuhusu kwenda Taj Mahal, lile kaburi la marumaru lililoko mji wa Agra, India, hayabadiliki. "Tunafika Delhi Alhamisi, Ijumaa twende Taj?" "Visa ya matibabu inaturuhusu kutembea?" "Tukitoka asubuhi na kurudi jioni inatosha?" Wengi wanaouliza ni wanandoa. Wapo walio kwenye fungate. Wapo ambao mmoja amemsindikiza mwenzake hospitali, matibabu yamekwisha, na wamebakiwa na siku chache kabla ya ndege ya kurudi Dar es Salaam au Nairobi. Wapo waliokwenda kununua bidhaa na hawataki kurudi nyumbani bila kuiona Taj. Mwongozo huu ni wa ninyi wote.

Jambo moja nitalisisitiza tangu mwanzo: laleni Agra usiku mmoja. Safari ya kwenda na kurudi Delhi siku hiyo hiyo inawezekana, na mawakala wengi huiuza, lakini itawafikisha kwenye lango la Taj saa ambayo kila mtu anafika, jua likiwa kali na foleni ikiwa ndefu. Mkilala Agra mtaingia alfajiri, na muda ule wa saa nzima ya kwanza hauna mfano wake katika siku nzima.

Mnavyohitaji kabla ya kuanza

- Pasipoti mbili zenye uhai wa miezi sita au zaidi, na kurasa tupu.
- Visa ya India kwa kila mmoja, na nakala yake kwenye karatasi.
- Vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Hili si la kupuuza. Soma hatua ya 2.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, na dola kiasi za kubadilisha. Huko M-Pesa haitawasaidia.
- Rupia za noti ndogo ndogo: 10, 20, 50, 100. Dereva wa bajaji mwenye chenji ya noti ya 500 ni nadra.
- Viatu vyepesi kuvua na kuvaa, mtandio au kanga, kofia, na dawa ya kuongeza maji mwilini.
- Mkoba mdogo wa kutia simu, pesa na pasipoti tu. Begi kubwa haliingii.
- Siku mbili. Ikiwezekana tatu.

Hatua ya 1: Chagueni msimu na siku ya wiki

Taj Mahal hufungwa kwa watalii kila Ijumaa. Siku hiyo hufunguliwa kwa wanaoswali swala ya Ijumaa katika msikiti uliomo ndani ya uwanja wake. Kwa hiyo, kama mpango ni kulala Agra na kuingia alfajiri, usiku wa kuepuka ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Andikeni hili kwanza kwenye kalenda, kisha ndipo mnunue tiketi ya ndege.

Kuhusu msimu, miezi mizuri ni Oktoba, Novemba, Februari na Machi. Desemba na Januari watu wengi huenda kwa sababu ya likizo, lakini ndiyo miezi ya ukungu mzito kaskazini mwa India. Unaweza kusimama mita mia kutoka kwenye jengo na usilione, na treni huchelewa kwa saa nyingi. Kuanzia Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40; waliozoea joto la pwani wasijidanganye, maana lile ni joto kavu lisilo na upepo wa bahari. Julai hadi Septemba ni mvua za masika yao, lakini bustani huwa kijani na watu huwa wachache. Kama hamna uchaguzi ila Mei, nendeni, lakini muwe mmetoka kabla ya saa 3 asubuhi.

Hatua ya 2: Visa na chanjo

Visa ya utalii huombwa kwa mtandao, na raia wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaruhusiwa kuomba kwa njia hiyo. Tovuti ya serikali ni indianvisaonline.gov.in. Zipo tovuti nyingi za kuiga zenye bendera na nembo, zinazotoza mara mbili au tatu. Angalieni mwisho wa anwani, lazima iishie kwa gov.in.

Kila mmoja hujaza fomu yake. Hakuna fomu ya wanandoa. Fomu itawauliza majina ya wazazi, dini, na anwani ya mtu au mahali pa kurejelewa India. Hapo andikeni jina, anwani na simu ya hoteli mliyoweka nafasi. Picha iwe ya mraba na mandhari meupe, na ukurasa wa pasipoti uwe umeskaniwa kwa uwazi. Fomu hukubaliwa hadi siku nne kabla ya kuwasili, lakini ombeni wiki mbili kabla, maana picha yenye kivuli inatosha kuwarudisha mwanzo.

Wenye visa ya matibabu na wasindikizaji wao: kwenda Agra kutembea mkiwa katika muda wa visa hakuna tatizo. La kuuliza ni kwa daktari, si kwa uhamiaji. Mwambieni ukweli kuhusu mwendo wenyewe: kutembea kwa saa mbili hadi tatu, na ngazi kali za kupanda kwenye jukwaa la marumaru. Viti vya magurudumu hupatikana na njia za bustani ni tambarare, ila ngazi zile zinabaki kuwa ngazi.

Sasa homa ya manjano. India huwataka wasafiri wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo waonyeshe cheti, na baadhi ya nchi zetu za Afrika Mashariki, kama Kenya na Uganda, zimo kwenye orodha yake. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa. Asiye na cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Fikirini mmoja wenu amepita na mwingine amezuiwa uwanja wa ndege. Chanjeni mapema, hakikisheni jina kwenye cheti linafanana na la kwenye pasipoti, na vyeti vikae kwenye mkoba wa mkononi.

Hatua ya 3: Tiketi za treni

Kutoka Delhi hadi Agra ni kilomita 200 na ushee. Kuna barabara ya kulipia ya Yamuna Expressway, na gari la kukodi huchukua saa tatu hadi nne. Mimi nawashauri treni. Ni rahisi, inawahi, na hamna dereva wa kuwapitisha kwenye duka la ndugu yake. Tena wakati wa ukungu barabara ile ina ajali mbaya za magari kugongana kwa mfululizo.

Treni inayopendwa ni Gatimaan Express, iliyoanza mwaka 2016 na inayofikia mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Hutoka Delhi saa 2 na dakika kidogo asubuhi, na baada ya muda usiofika saa mbili mko Agra. Nayo haifanyi kazi Ijumaa. Nyingine ni Shatabdi inayotoka saa 12 asubuhi. Zote zina viti vya kukaa, kiyoyozi, na chai huletwa kitini.

Mambo manne ya kuangalia hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotelea:

Kwanza, saa. Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24. 06:00 ni saa 12 asubuhi yetu, na 17:50 ni saa 12 kasoro dakika 10 jioni. Na India imetutangulia kwa saa mbili na nusu, si mbili wala tatu. Rekebisheni simu mnapotua.

Pili, stesheni. Delhi ina stesheni kubwa zaidi ya moja. Gatimaan hutokea Hazrat Nizamuddin, Shatabdi hutokea New Delhi. Kutoka moja hadi nyingine katika foleni ya asubuhi mtaikosa treni. Upande wa Agra, shukeni Agra Cantt.

Tatu, herufi WL kwenye tiketi. Maana yake mko kwenye orodha ya kusubiri, na ikibaki hivyo hadi mwisho hamna kiti. Msikubali wakala awaambie "itakubali tu". Mnataka tiketi iliyothibitishwa, yenye namba ya behewa na ya kiti.

Nne, mahali pa kununua. Mtandao wa reli huhitaji usajili, na mara nyingi hutuma namba ya siri kwa ujumbe wa simu ambao laini za nyumbani hazipokei vizuri. Mkishindwa, hoteli ya Delhi inaweza kuwakatia kwa ada ndogo, au nendeni na pasipoti zenu kwenye ofisi ya watalii wa kigeni iliyo ghorofa ya kwanza ndani ya stesheni ya New Delhi. Nje ya stesheni mtu mwenye adabu nyingi atawaambia ofisi hiyo imefungwa, imeungua au imehamia mtaa wa pili. Mshukuruni na mpande ngazi.

Hatua ya 4: Mahali pa kulala

Tafuteni hoteli upande wa lango la mashariki la Taj, au mtaa wa Taj Ganj ulioko kusini yake, ili alfajiri mtembee kwa miguu. Kabla ya kulipa ulizeni jambo moja kwa maandishi: "Mnapokea wageni wa kigeni?" Hoteli za India hutakiwa kuandikisha kila mgeni kutoka nje kwa mamlaka, na nyumba nyingine ndogo hazina kibali hicho. Mtafika usiku na kuambiwa hamwezi kulala.

Kwa wanandoa ambao mke hakubadili jina, kama ilivyo kwa wengi wetu, wekeni picha ya cheti cha ndoa kwenye simu. Mara nyingi hamtaulizwa, lakini mkiulizwa mtamaliza maneno kwa dakika moja.

Msichague hoteli kwa sababu tu imeandikwa ina paa linaloitazama Taj. Nyingi huiona kuba kwa mbali, kati ya matangi ya maji na nyaya. Usafi wa kitanda na ukaribu na lango ni bora.

Hatua ya 5: Tiketi za Taj

Kwa mgeni wa kigeni tiketi ni rupia 1,100, na rupia 200 nyingine za kuingia ndani ya kaburi kuu. Lipeni zote mbili. Kusafiri bara hadi bara kisha kuishia ukutani kwa kuokoa rupia 200 si hesabu. Watoto walio chini ya miaka 15 hawalipi. Bei hubadilika, kwa hiyo tazameni tovuti ya idara ya mambo ya kale ya India, ASI, ambako pia mtanunua kabla ya kwenda na kupata msimbo wa kuskani langoni. Kwa mtandao kuna punguzo dogo, lakini faida kubwa ni kuukwepa mstari wa dirishani.

Tiketi hutumika kwa muda wa saa tatu tangu mwingie. Zinatosha, mradi msiingie saa mbaya.

Ipo pia ziara ya usiku: usiku wa mwezi mpevu, na siku mbili kabla na mbili baada yake, isipokuwa Ijumaa na mwezi wa Ramadhani. Ni nusu saa tu, mnaitazama kutoka mbali, na hamwingii ndani. Kama tarehe zenu zimeangukia hapo, iongezeni. Msiiweke mahali pa alfajiri.

Hatua ya 6: Mchana wa kwanza Agra

Mkishuka treni, agizeni gari kwa Uber au Ola, au tumieni dirisha la kulipia usafiri kabla ndani ya stesheni. Bajaji za nje zipo nyingi. Semeni bei kabla ya kupanda, na semeni "hakuna duka". Dereva hupewa kamisheni kwa kila mteja anayemfikisha kwenye duka la marumaru au mazulia, na kamisheni hiyo mnailipa ninyi.

Wekeni mizigo, kuleni, pumzikeni hadi saa 9 alasiri. Kisha anzeni na Ngome ya Agra. Watu huiona kama kitu cha kujazia muda, nami naona ni kinyume kabisa: anayeanza na ngome huielewa Taj kesho yake. Akbar, mfalme wa ukoo wa Wamughali uliotawala India, aliijenga upya kwa mawe mekundu kuanzia mwaka 1565. Mjukuu wake Shah Jahan ndiye aliyejenga Taj Mahal kwa ajili ya mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 huko Burhanpur akijifungua mtoto wa 14. Walikuwa wameoana mwaka 1612. Ujenzi ulianza 1632, na uwanja wote ukakamilika kama miaka 20 baadaye. Mwaka 1658 mwanawe Aurangzeb alimpindua na kumfungia ndani ya ngome hii hii, akakaa humo hadi kufa mwaka 1666. Tafuteni mnara uitwao Musamman Burj, wa marumaru yenye maua ya vito, na mtazame bondeni mtoni: Taj ile pale, kilomita mbili na ushee. Simameni hapo pamoja bila haraka. Mzee yule aliitazama kutoka upande huu kwa miaka minane.

Kabla jua halijazama, vukeni mto Yamuna hadi bustani ya Mehtab Bagh, iliyoko mkabala na mgongo wa Taj. Kiingilio ni kidogo na watu ni wachache. Hapa hakuna wa kuwasukuma. Kama mnataka picha tulivu ya ninyi wawili na jengo zima nyuma, ni hapa, si kesho kwenye umati. Mwambieni dereva awasubiri, maana jioni bajaji upande ule ni adimu.

Kuleni mapema. Agra ni mji wa chakula cha Wamughali: biriani, kebabu, naan, korma. Mtu wa pwani atajiona karibu na nyumbani. Vyakula vya mitaani viacheni hadi mtoke Taj kesho; alfajiri si wakati wa kutafuta choo.

Hatua ya 7: Alfajiri

Lango hufunguliwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Oktoba hiyo ni kama saa 12 kasoro robo asubuhi. Januari ni karibu saa 12 na nusu. Juni ni karibu saa 11 alfajiri. Ulizeni hotelini saa ya kuchomoza kwa jua, kisha muwe kwenye mstari dakika 30 hadi 40 kabla ya kufunguliwa.

Tumieni lango la mashariki. Magari ya mafuta hayaruhusiwi karibu na jengo, kwa ajili ya moshi unaoharibu marumaru, kwa hiyo mtatembea au kupanda vigari vya betri. Tiketi ya mgeni huja na chupa ya maji na vifuko vya kuvalia juu ya viatu, msisahau kuvichukua.

Mstari wa ukaguzi ni wa wanaume peke yao na wanawake peke yao. Mtatengana. Kubalianeni mahali pa kukutana ndani, na kila mmoja abebe pasipoti na tiketi yake mwenyewe. Mke akiwa mstari mmoja na tiketi zote ziko kwa mume mstari wa pili, wote wawili mtakwama.

Msibebe chakula, pipi, sigara, kiberiti, kisu, miguu ya kamera, chaja, wala droni. Vitarudishwa, nanyi mtapoteza nafasi mkienda kwenye makabati ya kutunzia mizigo. Na karibu na malango kuna nyani wadogo waliozoea watu. Msiwape kitu, msiwachekee kwa meno, na msishike mfuko wa plastiki mkononi.

Hatua ya 8: Ndani

Mtapita kwanza lango kuu la mawe mekundu. Limejengwa makusudi lifiche Taj hadi uingie chini ya tao lake. Juu yake kumeandikwa Suratul Fajr, kwa mkono wa mwandishi wa hati Amanat Khan. Herufi za juu ni kubwa kuliko za chini, ili kwa anayesimama chini zote zionekane sawa.

Hapo chini ya tao kila mtu husimama kupiga picha. Pigeni moja na mwondoke. Nendeni moja kwa moja hadi mwanzo wa bwawa, mshushe simu karibu na maji mpate kivuli cha jengo, kisha kwenye jukwaa la marumaru katikati ya bustani, lenye benchi aliloketi Diana wa Uingereza mwaka 1992. Dakika 15 zinatosha kwa haya yote kama mmekuwa wa kwanza. Baada ya hapo wekeni simu mfukoni mpande kaburini kabla vikundi vya mabasi havijafika.

Vaeni vifuko vya viatu, au vueni viatu. Ndani picha haziruhusiwi na sauti hurudishwa na kuba kama mwangwi, semeni polepole. Mtaona makaburi mawili yaliyozungushiwa uzio wa marumaru iliyotobolewa kama kitambaa cha kufuma. La Mumtaz liko katikati kabisa. La Shah Jahan, kubwa zaidi, liko pembeni yake upande wa magharibi, na ndicho kitu pekee katika uwanja wote kisicho na mwenzake wa upande wa pili, kwa sababu liliongezwa baadaye. Miili yenyewe imezikwa chumba cha chini, kwenye makaburi yasiyo na mapambo. Waislamu wengi husoma Fatiha hapa. Kwa yeyote, ni kaburi la mtu. Heshima yake ni ile ile mnayoipa makaburi ya kwenu.

Kushikana mikono hakuna anayejali. Kukumbatiana sana na kubusiana mbele ya watu si desturi ya pale, na walinzi watawasemesha. Mavazi hayana sheria kali, lakini mabega na magoti yakifunikwa mtakuwa huru zaidi. Nguo ya rangi moja kali, nyekundu, buluu au ya manjano, hupendeza sana mbele ya marumaru nyeupe. Dada aliyejifunga kitenge chake hapa hahitaji pambo jingine.

Mkitoka kaburini zungukeni jengo lote. Minara minne, ya mita 40 hivi, imeinama nje kidogo, ili ikianguka kwa tetemeko isiliangukie kaburi. Kuna msikiti upande wa magharibi na jengo pacha upande wa mashariki. Asubuhi simameni kwenye lile la mashariki: jua liko nyuma yenu na ukuta wa Taj unaoangalia kwenu ndio unaowaka. Msikitini mtapata picha ya kivuli cheusi cha kuba, nayo ina uzuri wake. Sogeeni ukutani mtazame maua: si rangi, ni vito vilivyokatwa na kupachikwa ndani ya marumaru ya Makrana. Pitisheni macho, si kucha.

Kisha kaeni. Tafuteni ukingo wa jukwaa upande wa mto, mkae pamoja nusu saa bila kufanya chochote. Wengi hutoka pale na picha mia na hawakuitazama.

Kuhusu kiongozi wa watalii: mkimtaka, aonyeshe kitambulisho cha wizara ya utalii, na bei iwe imekubaliwa nje ya lango. Mwombeni awape maelezo kwa saa moja, kisha awaache. Wapiga picha wa ndani nao wafanyiwe hivyo hivyo: picha ngapi, kila moja kiasi gani, kabla ya kamera kufunguliwa. Familia za Kihindi zinaweza kuwaomba mpige nao picha. Mara nyingi ni upendo tu. Mkichoka, tabasamu na kutikisa mkono kunatosha.

Hatua ya 9: Baada ya Taj

Rudini hotelini mpate kifungua kinywa na usingizi kidogo. Mchana nendeni kaburi la Itimad-ud-Daulah, ng'ambo ya mto. Huyo ni babu yake Mumtaz, na kaburi lake la marumaru yenye vito lilikamilika mwaka 1628, kabla Taj haijaanza. Ni dogo, limetulia, na mkilinganisha mtaona mafundi walikojifunzia. Fatehpur Sikri, mji wa Akbar ulio kama kilomita 40 kutoka Agra, ni wa wenye siku ya tatu.

Zawadi ya mji ni petha, halua ngumu ya tunda la jamii ya maboga, nayo hustahimili safari. Vyombo vya marumaru nunueni kama mmevipenda, kwa kujua kwamba vingi vya bei rahisi ni jiwe laini linalochunika kwa kucha.

Treni ya jioni itawarudisha Delhi.

Mambo yakienda kombo

*Ukungu umefunika kila kitu.* Msiingie bado. Saa tatu za tiketi huanza mkiingia. Kunyweni chai nje, subirini hadi saa 3 au 4 asubuhi. Mara nyingi hupasuka.

*Malipo ya mtandao yamekataa.* Kadi nyingi za benki zetu hufungwa kwa matumizi ya nje hadi mwombe zifunguliwe. Pigieni benki kabla ya kuondoka nyumbani. Kama mmeshafika Agra, dirisha la tiketi hupokea fedha taslimu.

*Mtu anasema lango la mashariki limefungwa leo.* Tembeeni hadi mlione kwa macho yenu.

*Simu haina mtandao.* Laini ya India huhitaji pasipoti na inaweza kuchukua saa kadhaa kufanya kazi. Inunueni Delhi siku ya kwanza, au wekeni laini ya eSIM kabla ya safari. Pigeni picha za skrini za tiketi zote.

*Tumbo limeharibika.* Maji ya chupa yenye kifuniko kisichofunguliwa, dawa ya kuongeza maji, wali mweupe na mtindi. Ikiwa kuna homa au damu, hospitali, msisubiri Delhi.

*Pasipoti imepotea.* Ripoti polisi mpewe karatasi, kisha ubalozi wenu New Delhi. Kenya na Tanzania zote zina ubalozi pale. Ndiyo maana nakala ya pasipoti ya mmoja ikae kwenye simu ya mwenzake.

*Mmoja ameamka hawezi.* Tiketi ya Taj ni ya tarehe moja, nayo itapotea. Ipoteeni. Nunueni nyingine ya kesho, ongezeni usiku mmoja hotelini, na tiketi ya treni ibadilishwe asubuhi ile ile kabla viti havijaisha. Kama kesho ni Ijumaa, hesabuni hadi Jumamosi.